Vena zilizovimba miguuni: kabla ya kuulizia leza, pimwa ukiwa umesimama

#1 Mwanzisha uzi

Wana jukwaa, nawasalimu. Mimi ni muuguzi ninayehudumia vidonda vya miguu hapa Mwanza, na ninaanzisha uzi huu kwa sababu nimechoka kuwapokea watu wenye donda ndugu juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ambao wameshapakwa asali, majivu, unga wa kapsuli na mafuta ya kila aina, lakini hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba chanzo cha kidonda kile ni vena mbovu iliyoko pajani. Wengine wameambiwa ni matende, wengine wamechanjwa chale juu ya mshipa wenyewe, na wengine wameambiwa wamekanyaga kitu kibaya njiani. Sasa kwa kuwa habari za tiba ya leza, yaani kuiunguza vena mbovu kwa ndani kwa mwanga mkali hadi izibe, zimeanza kuenea kwenye simu zetu, nao wanakuja kuniuliza bei ya leza, ilhali hakuna aliyewapima hata mara moja.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Damu ikishafika miguuni kwa njia ya ateri hurudi kwenye moyo kwa njia ya vena, na safari hiyo ni ya kupanda. Kinachoisukuma ni misuli ya shavu la mguu kila tunapokanyaga, na kinachoizuia isirudi chini ni vali ndogo zilizopangika ndani ya vena, kila moja ikifanya kazi kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Vali zikilegea, damu hushuka tena, shinikizo huongezeka kwenye vena za juujuu, nazo hutanuka, hujipinda na kutokeza chini ya ngozi. Mara nyingi vena inayoharibika ni ile ndefu iitwayo safena kubwa, inayopita upande wa ndani wa mguu kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kinena. Safena ndogo, inayopita nyuma ya shavu la mguu, nayo huharibika, ingawa si mara nyingi kama ile kubwa.

Ugonjwa huu hurithiwa, huongezeka kwa umri, kwa unene na kwa ujauzito, na huchochewa na kazi za kusimama mahali pamoja kwa saa nyingi. Kwa hiyo mji wetu una watu wengi walio katika hatari hiyo: wanaokata minofu ya sangara viwandani, wauza dagaa wa Mwaloni, mama lishe, wasusi, walimu, walinzi na machinga wa Makoroboi. Naomba nisisitize kwamba kutembea hakuharibu vena. Anayepanda mawe ya Mabatini au Igogo kila jioni anaisaidia misuli ya shavu la mguu kusukuma damu, na anayeumia zaidi ni yule anayesimama palepale kuanzia alfajiri hadi adhuhuri.

Dalili huanza kwa uzito wa mguu jioni, kuvimba kuzunguka kifundo, muwasho, na misuli kukaza usiku. Madaktari hupanga ugonjwa huu kwa ngazi kuanzia sifuri hadi 6: ngazi ya 1 ni vijishipa vyembamba kama nyuzi, ya 2 ni vena zilizotanuka kufikia milimita 3 au zaidi, ya 3 ni uvimbe, ya 4 ni ngozi kubadilika rangi na kuwa ngumu, ya 5 ni kidonda kilichopona, na ya 6 ni kidonda kilicho wazi. Ninaowapokea mimi wengi wako ngazi ya 6, na ukiwahoji watakueleza kwamba ngozi ilianza kuwa ya kahawia miaka mingi kabla ya kidonda kufunguka. Hicho ndicho kipindi ambacho tiba ingeleta faida kubwa kuliko wakati mwingine wowote, nacho hupita bila mtu kuangaliwa.

Sasa nifikie kipimo, na hapa naomba msome taratibu. Mgonjwa wa vena hupimwa kwa ultrasaundi ya dopla inayoonyesha mshipa na mwendo wa damu ndani yake, naye hupimwa akiwa amesimama, uzito wake ukiwa kwenye mguu wa pili. Mpimaji huminya shavu la mguu kwa mkono, damu hupanda, kisha huachia na kutazama kama damu inashuka tena na kwa muda gani. Kwa vena za juujuu, damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde, vali zimeharibika. Mgonjwa akilala chali, uzito wa damu haushuki, na vena mbovu inaweza kuonekana nzima. Kipimo hicho hicho hutazama vena za ndani kama zina donge la damu, huonyesha ubovu ulipoanzia na ulipoishia, na hupima upana wa vena. Bila ramani hiyo, mwenye mashine ya leza hajui anaunguza nini.

Tiba yenyewe ni hii. Mgonjwa huingia akitembea kwa miguu yake. Husimamishwa na kuchorwa mguuni kwa kalamu njia ya vena, kisha hulazwa, na mguu hupakwa dawa ya kuua vijidudu. Ngozi ya karibu na goti hutiwa ganzi, sindano huingizwa ndani ya vena kwa kuongozwa na ultrasaundi, waya laini hupitishwa, halafu mrija mwembamba, na ndani yake unyuzi wa leza ambao ncha yake hupandishwa hadi karibu na kinena. Haifikishwi kwenye makutano na vena kuu ya ndani. Huachwa takriban sentimita 2 chini yake, na daktari makini huhakikisha umbali huo kwenye skrini zaidi ya mara moja, kwa sababu joto likifika kwenye vena kuu linaweza kugandisha damu mahali pasipotakiwa.

Kisha hufuata sehemu ambayo wagonjwa huikumbuka kuliko leza yenyewe. Maji ya chumvi ya hospitali yaliyochanganywa na ganzi kidogo huchomwa kuizunguka vena, kuanzia gotini hadi kinenani, mchomo baada ya mchomo, mpaka kwenye skrini vena inaonekana imebanwa katikati ya duara jeusi la maji. Mgonjwa husikia baridi na kukazwa pajani. Maji hayo huondoa maumivu, huibana vena iukumbatie unyuzi, na hupoza nyama, mishipa ya fahamu na ngozi visiunguzwe. Ndipo kila aliyemo chumbani, pamoja na mgonjwa, huvaa miwani ya kinga, leza huwashwa, na unyuzi huvutwa taratibu kushuka chini. Mwanga wa leza inayounguza hauonekani kwa macho, lakini mashine huwa na mwanga mwekundu wa kuelekezea, na chumba kikiwa na giza kidogo utauona ukishuka chini ya ngozi ya paja, kidole kwa kidole. Baadhi ya wagonjwa husema walisikia ladha ya kitu kilichoungua mdomoni. Uvutaji huo huchukua dakika chache, na kazi yote huwa imekwisha ndani ya saa moja au pungufu. Hakuna mshono. Mguu hufungwa bendeji au huvalishwa soksi ya kubana, na mgonjwa huamriwa kusimama na kutembea papo hapo.

Tiba hii si ya jana wala si ya majaribio. Daktari Carlos Boné wa Hispania aliieleza mwaka 1999, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mashine yake ya kwanza mwaka 2002, na mwaka 2013 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliagiza kwamba mgonjwa mwenye vena zilizothibitishwa kuwa mbovu apewe kwanza tiba ya joto, yaani leza au mawimbi ya redio, isipofaa achomwe dawa ya povu inayoiziba vena, na upasuaji wa kung'oa vena uwe chaguo la tatu. Leza za mwanzo zilikuwa za mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 810 na nyinginezo zilizonyonywa zaidi na damu; za sasa, hasa za nanomita 1470, hunyonywa zaidi na maji yaliyomo kwenye ukuta wa vena, na maumivu ya baadaye yamepungua. Katika zaidi ya vena tisa kati ya kila kumi zilizotibiwa vizuri, vena huziba, husinyaa na kugeuka kuwa uzi wa kovu ambao mwili huufyonza pole pole.

Madhara yapo, na atakayekuambia hayapo usimwachie mguu wako. Michubuko ya rangi ya zambarau pajani ni ya kawaida. Siku chache baada ya tiba, paja hukaza kwa ndani mgonjwa anaponyoosha mguu, hali ambayo hupungua kwa kutembea na kwa dawa za maumivu. Ganzi ya sehemu ndogo ya ngozi huweza kukaa wiki au miezi. Ngozi kuungua ni nadra pale maji yale yalipochomwa ipasavyo. Damu kuganda kwenye vena za ndani huwapata wachache, chini ya mmoja kati ya mia, lakini ndilo la kuogopwa: ukiona shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja, au ukabanwa kifua na pumzi ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nakaribisha maswali. Naomba tusitaje bei wala majina ya madaktari, kwa maana nia yangu si kumtafutia mtu wateja.

#2 Mama wa Mwaloni

Mwanangu muuguzi, Mungu akubariki kwa maelezo haya. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nimezaa watoto wanne, na tangu mimba ya tatu mishipa ya mguu wa kushoto ilitokeza na haikurudi. Sasa ngozi juu ya kifundo imekuwa ya kahawia na inawasha hadi najikuna nikiwa usingizini. Maswali yangu ni mawili. Wenzangu sokoni wananiambia mshipa ukichomwa mguu utakosa damu na kufa, je, ni kweli? La pili, jirani yangu mwenye mishipa kama yangu aligonga muundi kwenye kreti na damu ikaruka kama bomba limepasuka. Walimfunga kamba ya manila juu ya goti. Je, walifanya sawa?

#3 Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Nashukuru kwa kueleza wazi, kwa sababu maswali yako ndiyo wanayoogopa kuuliza wengi.

Mguu haufi. Damu inayolisha mguu huletwa na ateri, na ateri hazihusiki kabisa na tiba hii. Katika kuirudisha damu juu, takriban asilimia 90 hupita kwenye vena za ndani, zilizo katikati ya misuli. Vena ya juujuu iliyoharibika haisaidii chochote. Kinyume chake, inairudisha chini damu ambayo imeshapandishwa na kuiongezea misuli mzigo. Ikizibwa, damu hupita kwenye vena nzima zilizobaki, na uzito wa jioni hupungua. Sharti lake ni kwamba vena za ndani ziwe wazi, na hilo huonekana kwenye kipimo.

Kuhusu jirani yako, kamba haikuwa sahihi. Ikifungwa juu ya goti bila kukaza sana huzuia damu ya vena isipande na kidonda huvuja zaidi, na ikikazwa kupita kiasi huweza kuumiza mguu mzima. Afanye hivi: alale chini palepale alipo, hata kama ni juu ya magunia, mguu unyanyuliwe juu ya usawa wa moyo, uegemezwe kwenye kreti au bega la mtu, kisha kitambaa safi kikandamizwe juu ya tundu lenyewe kwa kiganja, kwa nguvu, dakika kumi au zaidi bila kuchungulia. Damu ya vena haina shinikizo la ateri, na mguu ukishainuliwa hutulia. Baada ya hapo afungwe bendeji ya kubana na apelekwe hospitali, kwa sababu mshipa uliopasuka mara moja unaweza kupasuka tena. Watu wamepoteza maisha kwa kutokwa na damu ya namna hii wakiwa wamekaa kwenye kiti mguu ukining'inia, kwa hiyo nakuomba uwafundishe wenzako wote wa Mwaloni.

Na wewe mwenyewe, mama, ngozi ya kahawia inayowasha ni ngazi ya 4. Usisubiri kidonda. Nenda hospitali ya rufaa, Sekou Toure au Bugando, umwone daktari wa upasuaji, na uombe kupimwa vena ukiwa umesimama.

#4 Mwalimu wa Sengerema

Ndugu mwanzisha uzi, naheshimu taaluma yako, lakini naomba nitofautiane nawe. Marehemu baba yangu alifanyiwa upasuaji wa kung'olewa vena, akakaa kitandani wiki kadhaa, na baada ya miaka michache mishipa ikarudi kwenye mguu ule ule. Mimi ninayo hali hiyo kwenye miguu yote miwili, na sioni kwa nini niuze ng'ombe nilipie leza ikiwa mwisho wake ni ule ule. Nahisi ni teknolojia mpya ya kumtoa mtu fedha wakati soksi za kubana zingetosha.

#5 Mwanzisha uzi

Mwalimu, pole kwa marehemu mzee. Hoja yako ni ya haki, na sitaki kuipita juu juu.

Ni kweli kwamba mishipa huweza kurudi, baada ya upasuaji na baada ya leza pia. Leza huziba vena iliyoharibika leo. Haiondoi urithi ulioifanya vali ilegee, na baada ya miaka vena nyingine inaweza kuharibika. Katika upasuaji wa zamani kulikuwa na sababu nyingine ya ziada: vena ilipokatwa kwenye kinena, mwili uliotesha vijishipa vipya kwenye kovu, navyo viliunganisha tena njia ya damu. Leza haikati kinena, kwa hiyo sababu hiyo hupungua, ingawa marudio hayakomi. Aidha, marudio mengi ya miaka ile yalitokea kwa sababu mgonjwa alipasuliwa kwa kuangaliwa kwa macho tu, bila ultrasaundi, na vena iliyoleta ugonjwa ikaachwa.

Utafiti wa Uingereza uliowahusisha wagonjwa 798 ulilinganisha leza, povu na upasuaji, na baada ya miaka 5 hali ya maisha ya waliopata leza au upasuaji ilikuwa bora kuliko ya waliopata povu. Kwa hiyo sitakuambia kwamba upasuaji ni tiba mbaya. Mahali ambapo leza haipatikani, daktari mzuri wa upasuaji aliyekupima ipasavyo anaweza kukusaidia sana, na mimi ningemchagua yeye kabla ya mwenye leza asiyejua kupima. Tofauti kubwa iko kwenye siku za baadaye: aliyetibiwa kwa leza hutembea siku hiyo hiyo na wengi hurudi kazini ndani ya siku chache.

Kuhusu soksi, zinapunguza uvimbe na maumivu zikiwa zimevaliwa, lakini hazirekebishi vali. Mwongozo ule wa mwaka 2013 unasema soksi zisiwe ndiyo tiba pekee, isipokuwa kwa mtu ambaye tiba nyingine hazimfai. Na kwa mwenye kidonda kuna ushahidi ninaoutumia kila siku kuwashawishi ndugu wa wagonjwa wangu: mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 450 wenye vidonda vya vena, ambao wote walifungwa bendeji za kubana, lakini nusu yao walizibwa vena mapema na wengine wakacheleweshewa. Kwa waliowahi, muda wa kati wa kidonda kufunga ulikuwa siku 56. Kwa waliochelewa ulikuwa siku 82. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua, siku 26 za kutosafisha kidonda ni jambo kubwa.

Usiuze ng'ombe kwanza, mwalimu. Lipia kipimo, kisha urudi na majibu uamue.

#6 Mfamasia

Naomba niongezee machache kwa kuwa wateja huanzia dirishani kwangu. Vidonge vya daiosmini hupunguza ule uzito wa miguu na uvimbe kwa baadhi ya watu, na sina tatizo navyo, lakini havitibu vali, na anayevinunua kila mwezi kwa miaka akidhani anapona anajichelewesha. Wale wanaouza dawa za "kusafisha mishipa" kwenye makundi ya simu wasisikilizwe.

Pia naomba mwanzisha uzi asisitize jambo la ateri. Mtu mwenye kisukari au mvutaji sigara wa muda mrefu anaweza kuwa na ateri zilizoziba miguuni, na akivaa soksi kali au kufungwa bendeji nzito anaweza kupoteza vidole. Kabla ya kuvaa soksi zenye nguvu ya kubana ya milimita 30 au 40 za zebaki, kwanza shinikizo la damu la kifundo lilinganishwe na la mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.8, asijifunge mwenyewe, amsikilize daktari. Soksi zenyewe zipimwe kwa futi ya fundi asubuhi kabla mguu haujavimba, na zivaliwe kabla ya kushuka kitandani.

#7 Mwanzisha uzi

Mfamasia amesema kweli tupu, na nashukuru kwa nyongeza hiyo. Nimeona vidole vilivyogeuka vyeusi chini ya bendeji iliyofungwa kwa nia njema.

#8 Kijana wa Ukerewe

Dada muuguzi, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa Ukerewe. Miaka ya nyuma nilivimba mguu wa kulia ghafla, nikalazwa, wakasema damu imeganda ndani ya mguu, nikapewa dawa za kuyeyusha damu kwa miezi. Baada ya hapo ndipo mishipa ya juu ilipotokeza. Kuna mtu ameniambia nikalipie leza nimalize tatizo. Je, nitaweza kurudi ziwani baada ya siku ngapi?

#9 Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Swali lako la ziwani nitalijibu, lakini kwanza simama hapo ulipo na usilipe chochote.

Damu ikiganda kwenye vena za ndani, dawa ulizopewa huzuia donge lisikue na mwili wenyewe huliyeyusha kidogo kidogo, lakini kwa baadhi ya watu vena ya ndani hubaki imeziba au imekuwa nyembamba. Hapo damu hutafuta njia ya kando, na njia hiyo mara nyingi ni vena za juujuu. Ukiona zimetanuka, huenda ndizo zinazouokoa mguu wako. Akija mtu na kuziziba kwa leza bila kuangalia vena za ndani, anafunga njia pekee ya damu kurudi, na mguu utavimba kuliko mwanzo. Mgonjwa wa aina yako anahitaji kupimwa kwa kina kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kinena, na wakati mwingine hadi tumboni, na majibu yasomwe na daktari anayejua historia yako yote. Beba cheti chako cha kulazwa na jina la dawa ulizotumia.

Kuhusu ziwa, kwa mtu ambaye tiba inamfaa, tundu la sindano ni dogo, lakini lisilowekwe ziwani mpaka lifunge kabisa, na kazi ya kuvuta nyavu nzito isubiri ruhusa ya daktari. Kichocho, kwa maelezo tu, hakisubiri tundu. Huingia hata kwenye ngozi nzima, kwa hiyo hilo ni la kujikinga nalo siku zote.

Wengine ambao leza haiwafai ni wajawazito, wenye donge la damu linaloendelea, wasioweza kutembea baada ya tiba, wenye ateri zilizoziba sana na wenye maambukizi ya ngozi mahali pa kuchomwa. Wajawazito wavae soksi na wainue miguu wanapopumzika, kwa maana baada ya kujifungua vena nyingi hupungua zenyewe, na tathmini hufanywa miezi kadhaa baadaye.

#10 Dada wa Buhongwa

Nimeona tangazo la saluni moja inayotibu "mishipa ya miguu kwa leza" juu ya ngozi, bila sindano. Je, ndiyo hii?

#11 Mwanzisha uzi

Hapana dada yangu. Leza ya juu ya ngozi hutumika kwa vijishipa vyembamba vya ngazi ya 1, ambavyo ni suala la mwonekano zaidi, na haiwezi kuziba safena iliyolegea. Anayekuahidi kutibu vena nene kwa kukumulika juu ya ngozi anakudanganya.

Kwa yeyote atakayepewa makadirio ya gharama, aulize bei hiyo ni ya mguu mmoja au miwili, kama imejumuisha kipimo cha awali, soksi, tiba ya matawi madogo yatakayobaki, na ultrasaundi ya kuhakikisha siku chache baadaye kwamba vena imeziba na damu haijaganda ndani. Mwenye bima aombe kibali kwa maandishi kabla ya siku ya tiba. Na atakayelazimika kusafiri kwenda Dar es Salaam akumbuke kwamba ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi. Asipange kurudi siku ile ile ya tiba, na wakati wa kurudi ashuke atembee kila basi linaposimama, na akiwa kitini anyanyue visigino mara kwa mara.

#12 Mama wa Mwaloni

Mwanangu, nimerudi. Nimepimwa nikiwa nimesimama kama ulivyosema, binti akaniminya shavu la mguu huku akinionyesha rangi nyekundu na bluu zikibadilishana. Amesema vena za ndani ni nzima, safena kubwa nayo ni nzima, na ubovu uko kwenye safena ndogo ya nyuma. Daktari amenieleza kuhusu leza lakini akasema kwa huyu mshipa atakuwa mwangalifu zaidi. Sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

#13 Mwanzisha uzi

Mama, nimefurahi sana kusoma haya. Tazama jinsi kipimo kilivyobadilisha mambo: kwa kuwa watu wengi huharibika safena kubwa, mtu asiyepima angeweza kukuunguza vena ya paja isiyo na ubovu na kukuacha na ugonjwa wako.

Daktari wako yuko makini. Safena ndogo hupita jirani na mshipa wa fahamu uitwao surali, unaoleta hisia pembeni mwa kisigino na wayo, na kadiri inavyoshuka kuelekea kwenye kifundo ndivyo viwili hivyo vinavyokaribiana. Joto likiufikia, mgonjwa hubaki na ganzi au michomo upande wa nje wa wayo. Ndiyo sababu kwa vena hii wengi hawaingizii unyuzi chini kabisa karibu na kifundo, huanzia juu zaidi kwenye shavu la mguu, na huchoma maji mengi kuitenganisha vena na mshipa huo. Juu nyuma ya goti nako kuna mshipa wa fahamu mkubwa zaidi, na makutano ya safena ndogo na vena ya ndani hayako sehemu moja kwa kila mtu.

Utakaporudi, muulize maswali matatu bila woga, maana ni haki yako: ataingizia unyuzi usawa gani wa mguu, safena yako ndogo inaungana wapi na vena ya ndani, na kama sehemu ya chini itakayobaki ataichoma povu au ataiacha. Hadi siku hiyo, paka ngozi ile ya kahawia mafuta yasiyo na manukato kila usiku ili isipasuke kwa kujikuna, omba upimwe uwiano wa shinikizo la kifundo na mkono kabla ya kununua soksi, na pale Mwaloni tafuta kigoda, ukae na kusimama kwa zamu, ukinyanyua visigino kila unapomhudumia mteja.